OpenFOAM kwenye Ubuntu, Windows na Mac: kwa nini kodi ile ile inakubali huku na inagoma kule

Ndani ya OpenFOAM kuna folda inaitwa platforms, na humo ndani kuna folda nyingine yenye jina refu la ajabu, kwenye mashine nyingi utakuta ni linux64GccDPInt32Opt. Wengi wanalipita bila hata kulisoma, afu wanahangaika usiku kucha na ujumbe wa makosa ambao jibu lake lilikuwa humo humo kwenye hilo jina. Yaani hilo jina limebeba karibu maamuzi yote yanayofanya programu ikubali au igome: mfumo gani wa kompyuta, kompaila gani (ile programu inayogeuza kodi kuwa amri za prosesa), namba za aina gani, na imekompailiwa kwa mtindo gani. Ukilielewa hilo jina umeshaelewa robo tatu ya mambo, na hata ukija kwenye programu nyingine za hesabu za kisayansi kama GROMACS au LAMMPS utakuta shida ni zile zile, zimebadilisha nguo tu.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, OpenFOAM ni programu ya kuiga kwa hesabu jinsi maji, hewa, moshi na vitu vya namna hiyo vinavyotembea, upepo unavyozunguka jengo, maji kwenye bomba, moto ndani ya tanuri. Ilianzia Imperial College London mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 ikaachiwa bure kwa leseni ya GPL. Imeandikwa kwa C++. Bure maana yake hulipi leseni, lakini pia maana yake hamna mtu aliyekutengenezea kile kidirisha cha kubonyeza next next finish, na hapo ndo kilio kinapoanzia.

Kabla hatujafika kwenye jina, kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu limewapotezea watu muda kuliko hata kompaila: OpenFOAM ziko mbili. Kuna ya OpenFOAM Foundation ambayo matoleo yake yanahesabiwa 10, 11, 12, na kuna ya OpenCFD, kampuni ya kundi la ESI ambalo sasa ni mali ya Keysight, ambayo matoleo yake yanakwenda kwa mwaka na mwezi, v2306 ni Juni 2023, v2312 ni Desemba 2023, na kuendelea. Zote ni halali, zote zimetoka tumbo moja, ila zimeshaachana njia kiasi kwamba somo la hii halifanyi kazi kwenye ile. Unachukua mfano wa mtu ulioandikwa kwa v2312, una faili la transportProperties na la turbulenceProperties, unauendesha kwenye OpenFOAM 12, inaweza kukupigia FOAM FATAL ERROR kuhusu faili au mpangilio isioutambua, na we unaanza kufuta kila kitu uinstoli upya wakati instalesheni yako haina kosa lolote. Kwenye matoleo mapya ya Foundation yale mafaili yamebadilishwa majina, yanaitwa physicalProperties na momentumTransport, na kuanzia toleo la 11 hata simpleFoam tuliyoizoea, moja ya programu zake za kuhesabu mtiririko, imestaafishwa, kazi yake inafanywa na foamRun -solver incompressibleFluid. Kwa hiyo chagua moja. Uliza mwalimu wako au mwenzako wa kwenye timu anatumia ipi uchukue hiyo hiyo, maana tofauti ya ubora kwa mtu anayeanza hamna, tofauti ni nani atakusaidia ukikwama. Na wale mnaoandika sudo apt install openfoam moja kwa moja kwenye Ubuntu 22.04 mjue mnapata 1912, yaani ya Desemba 2019, ambayo si mbovu lakini ni kongwe.

Sasa jina. Kipande cha kwanza, linux64. Programu iliyoshakompailiwa si kodi tena, ni amri za prosesa zilizofungwa kwenye faili lenye mpangilio ambao mfumo husika unaujua, Linux inataka ELF, Windows inataka PE ambayo ndo zile .exe, Mac inataka Mach-O. Kwa hiyo hata kama laptopu mbili zina prosesa ile ile ya Intel, faili la Linux ukilipeleka Windows halijui hata pa kuanzia. Hapo hapo kuna suala la prosesa yenyewe, Mac mpya za M1 kuja juu ni ARM, na Linux ya ARM jina lake linakuwa linuxARM64 badala ya linux64. Kodi ya C++ ni moja, ila lazima ikompailiwe upya kila upande.

Na hata Linux kwa Linux si salama moja kwa moja. Ukikompaili kwenye Ubuntu 22.04 ambayo ina glibc 2.35, afu ukakopi folda zima ukalipeleka kwenye seva ya chuo yenye CentOS 7, utaambiwa GLIBC_2.34 not found, coz CentOS 7 iko na glibc 2.17. Glibc ni ile laibrari ya msingi kabisa ambayo karibu kila programu inaitegemea, na sheria yake ni kwamba kitu kilichojengwa kwenye ya zamani kinakubali kwenye mpya, kinyume chake hapana. Usijaribu kuipandisha glibc ya seva kwa mkono, utaua seva nzima na msimamizi atakutafuta. Jenga hapo hapo kwenye seva, au tumia kontena kama Apptainer ambayo inabeba laibrari zake yenyewe.

Windows sitazunguka: tumia WSL2. Kuna blueCFD-Core, hiyo ni OpenFOAM iliyohamishiwa Windows kabisa, inafanya kazi, lakini inafuata nyuma ya matoleo, na karibu kila somo utakalolikuta mtandaoni limeandikwa kwa mtu aliyekaa kwenye terminali ya Linux. WSL2 ni Linux yenyewe yenye kerneli yake (kiini cha mfumo) inayokimbia ndani ya Windows, unafungua PowerShell kama msimamizi, unaandika wsl --install, unarestati, unapata Ubuntu. Ikigoma kwa kusema mambo ya virtualization, ingia BIOS ukaiwashe, mara nyingi imezimwa tangu kiwandani.

Tatizo la watu wa Windows linakuja baada ya hapo. Wanaiweka OpenFOAM au kesi zao (mafolda ya simulesheni) kwenye /mnt/c, yaani ndani ya disk C, kwa sababu wanataka kuziona kwenye Desktop. Usifanye hivyo. Kwanza ni polepole mno, kila faili linavuka mpaka kati ya mifumo miwili na OpenFOAM inaandika mafaili madogo madogo mengi. Pili, jina la mtumiaji kwenye Windows mara nyingi lina nafasi katikati, Juma Ally, na OpenFOAM haipatani kabisa na nafasi kwenye njia ya folda, skripti zake zitaikata hiyo njia vipande viwili zikatafute folda ambalo halipo. Kaa ndani ya home yako ya Linux, na ukitaka kuyaona mafaili kwa Windows andika \\wsl$ kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer utayakuta. ParaView ya kuangalia matokeo iweke upande wa Windows, unda faili tupu kwenye kesi yako kwa touch kesi.foam, afu fungua hilo faili kutokea ParaView. Picha zinakwenda vizuri kuliko kuifungulia ndani ya WSL.

Kingine cha Windows ni mwisho wa mistari. Ukiandika skripti kwa Notepad, au ukachukua kodi kwa Git ya Windows, kila mstari unaweza kuishia na alama mbili badala ya moja, na Linux inasoma ile ya ziada kama sehemu ya amri. Ukiona \r: command not found au /bin/bash^M: bad interpreter, si virusi, piga dos2unix kwenye hilo faili uendelee na maisha.

Mac ndo yenye mambo. Mtu anasema Mac si ni Unix, basi itakuwa rahisi kama Linux. Hapana. Disk ya Mac kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwake Picha.jpg na picha.jpg ni kitu kimoja. Sasa ndani ya OpenFOAM kuna faili la Vector.H, ambalo ni templeti ya vekta ya aina yoyote, na kuna vector.H, ambayo ni vekta ya namba za desimali za kawaida. Mfumo wake wa kujenga unakusanya viungo vya mafaili yote hayo kwenye folda moja linaloitwa lnInclude. Kwenye disk ya Mac vinagongana, kimoja kinakifuta kingine, na kompaila inaanza kulia makosa mia kadhaa ya C++ ambayo hayana uhusiano wowote na chanzo. Utakaa unasoma makosa ya templeti mpaka macho yaume na hutaona popote palipoandikwa kwamba tatizo ni disk. Dawa ni kutengeneza disk ya kufikirika inayotofautisha herufi, hdiutil create -size 30g -type SPARSEBUNDLE -fs 'Case-sensitive APFS' -volname OpenFOAM foam, unaipandisha, unafanyia kazi humo. Disk ya Windows nayo ina tabia hiyo hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa mbali na /mnt/c.

Ukishavuka hapo unakutana na ulinzi wa Apple unaoitwa SIP, uliokuja na El Capitan mwaka 2015. OpenFOAM inategemea vigeu vya mazingira kuambia programu laibrari ziko wapi, kwa Linux ni LD_LIBRARY_PATH, kwa Mac ni DYLD_LIBRARY_PATH. SIP inakifuta hicho kigeu kila programu inapopitia vitu vya mfumo kama /bin/sh. Matokeo yake blockMesh, programu ya OpenFOAM inayogawa eneo la hesabu vipande vidogo, ukiiandika kwa mkono inakubali, ukiiweka ndani ya skripti ya Allrun inasema haioni laibrari. Mtu asiyejua atadhani kompyuta imerogwa. Na kompaila ya Apple yenyewe inayojiita gcc si gcc, ni clang, kwa hiyo kipande cha pili cha jina kinatakiwa kiwe Clang. Mi ushauri wangu kwa mwenye Mac, kama hutaki kuwa mtaalamu wa Mac, tumia Docker au mashine pepe ya Ubuntu, ila hakikisha picha ya Docker unayochukua ni ya arm64 kama mashine yako ni M1 na kuendelea, ukichukua ya amd64 (ya prosesa za Intel na AMD) itatafsiriwa amri kwa amri na utadhani simulesheni imekufa kumbe inatambaa.

Kipande cha pili, Gcc. Hapa ndo swali la kukompaili lenyewe, na swali la kwanza ni kama unahitaji kukompaili kabisa. Paketi ya apt ni nguo ya dukani, kukompaili ni kwenda kwa fundi cherehani akupime, na wengi wenu nguo ya dukani inawatosha. Kuna dhana imeenea kwamba ukitaka kuandika sava yako mwenyewe (programu inayofanya hesabu zenyewe), au sharti lako la mpaka (boundary condition), lazima ukompaili OpenFOAM nzima. Si kweli. Ukiweka openfoam2312-default kwa apt unapata na vichwa vya kodi na zana za kujengea, unaandika kodi yako kwenye folda lako, ndani yake kuna Make/files na Make/options, unaandika wmake, imeisha ndani ya dakika chache. Tofauti pekee ni kwamba kwenye Make/files utumie FOAM_USER_APPBIN badala ya FOAM_APPBIN (kama ni laibrari, FOAM_USER_LIBBIN badala ya FOAM_LIBBIN), ili kitu chako kiende home kwako na si kwenye folda la mfumo ambalo huna ruhusa ya kuandika. OpenFOAM nzima kompaili pale tu unapotaka kubadilisha kodi ya ndani kabisa, au uko kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) ambayo huna sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, au unataka namba za aina tofauti, tutafika huko.

Ukiamua kukompaili, kitakachokuangusha kwa uwezekano mkubwa si C++, ni RAM. Templeti za OpenFOAM zinanyonya kumbukumbu, kila kazi moja ya kompaila inaweza kula giga nzima na zaidi, na Allwmake -j bila namba inaachia kazi nyingi kama kori (vichwa vya prosesa) ulizonazo. Laptopu ya kori nane na RAM ya giga nane, tena iko WSL2 ambayo kwa kawaida inapewa nusu tu ya RAM ya mashine, hesabu haikubali. Utaona g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus. Hilo neno Killed watu wanalitafsiri kwamba kodi ina kosa, wanaanza kupakua upya kwa bando lao, kumbe ni kerneli ya Linux imeona RAM imeisha ikachagua wa kumuua na kompaila ndo ilikuwa nene kuliko wote. Punguza kazi, ./Allwmake -j 2 -s -l, na kwa WSL2 weka faili la .wslconfig kwenye folda lako la Windows uongeze memory na swap. Itachukua masaa, kubali. Umeme ukikatika katikati usifute chochote, rudi toa amri ile ile, wmake inaangalia kilichokwishajengwa na inaendelea ilipoishia.

Na ukisoma makosa, soma la kwanza, sio la mwisho. Hiyo -l inakuandikia logi kwenye faili, fungua utafute neno error la kwanza kutoka juu. Mistari arobaini ya mwisho ambayo kila mtu anaipiga picha na kutuma kwenye grupu la WhatsApp ni matokeo tu ya lile la kwanza.

DP, Int32, Opt tupite haraka. DP ni namba za desimali za usahihi maradufu, ziko na SP ambazo ni nyepesi lakini kwa mambo mengi ya mtiririko zinaleta shida ya kutotulia. Int32 ni ukubwa wa namba za kuhesabia seli za meshi, yaani vile vipande vidogo vya eneo la hesabu, mwisho wake ni 2,147,483,647, na kama meshi yako inakaribia huko basi we si msomaji wa makala hii. Opt ni kompaila kuambiwa ikimbize kasi, Debug ni ya kutafutia makosa na iko polepole sana. La muhimu ni kwamba ukibadilisha chochote kati ya hivi, jina la folda linabadilika na OpenFOAM inakwenda kutafuta folda jipya ambalo bado halina kitu. Ndo maana mtu anabadilisha WM_COMPILE_OPTION kuwa Debug afu ghafla anaambiwa command not found kwa kila kitu, hajaharibu, hajajenga tu upande huo. Mabadiliko ya namna hii yaweke kwenye etc/prefs.sh, usichezee etc/bashrc yenyewe, lile faili linaloiwasha OpenFOAM kwenye terminali.

Halafu kuna kitu ambacho hakimo kwenye lile jina na kinauma vibaya: MPI, yaani ile laibrari inayoruhusu kori nyingi zifanye kesi moja. Ziko za aina kadhaa, Open MPI, MPICH, Intel MPI, na Open MPI haiingiliani na hizo nyingine. OpenFOAM ikiwa imejengwa kwa Open MPI afu ukaiendesha na mpirun ya MPICH, hutaambiwa kwamba MPI ndo zimegongana, na hilo ndo baya lake. Unaandika mpirun -np 4 simpleFoam -parallel, na kila moja ya zile nne inajiona iko peke yake duniani. Ukitumia -parallel OpenFOAM angalau itasimama na kulalamika kwamba iko prosesi moja tu, lakini programu nyingine zitaendesha kesi nzima mara nne, kila mstari unatokea mara nne kwenye skrini, na we unashangaa kwa nini kori nne hazina kasi zaidi ya moja. Mchawi mara nyingi ni Anaconda. Umeiweka kwa ajili ya Python, imejisogeza mbele kwenye PATH, na inaweza kuwa na mpirun yake, pia ina libstdc++ yake. Andika which mpirun, ukiona njia yenye anaconda3 ndani yake, conda deactivate afu jaribu tena. Ukikuta libmpi.so.40: cannot open shared object file, hiyo ni nyingine, ni Open MPI haipo au bashrc ya OpenFOAM hukuisoma kwenye terminali hiyo. Kwenye klasta ni module load, amri ya kuwasha programu, uliyoisahau ndani ya skripti ya kazi.

Jaribu mambo na kesi ya cavity, lile boksi lenye kifuniko kinachotembea, seli 20 kwa 20, blockMesh afu icoFoam, inaisha kabla hujavuta pumzi. Ikipita, igawe kwa decomposePar uiendeshe sambamba, maana watu wengi wanaishia kwenye kori moja wanasema imekubali.

Afu itakuja siku umeiweka Ubuntu na Mac zote zinakubali, unalinganisha majibu, na tarakimu za mwisho hazifanani. Kompyuta ikijumlisha desimali kwa mpangilio tofauti inapata jibu tofauti kidogo sana, na ukigawa meshi vipande vinne badala ya viwili mpangilio wa kujumlisha umebadilika. Kompaila nayo inaweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja inayokadiria mara moja badala ya mara mbili, na kwenye ARM clang na gcc hawafanyi hivyo kwa namna moja. Kwa hiyo angalia kwanza tolerance uliyoiandika kwenye fvSolution. Kama umeiambia sava isimame kwenye 1e-06, tofauti kwenye tarakimu ya tisa haina habari yoyote ndani yake. Tofauti ikiwa kwenye tarakimu ya tatu na kesi ni ile ile, meshi ile ile, rudi uangalie kama mashine zote mbili zina toleo moja, maana kuna mipangilio ya kawaida inayobadilika kati ya v2306 na v2312, achilia mbali kati ya ndugu wale wawili.